Boti ya matanga ya mwaka 1978: anzia kwenye sitaha

Ndugu, umeuliza uanze na nini kwenye boti yako ya futi 34: injini, matanga mapya au paneli za sola. Vyote hivyo naomba visubiri. Anza na sitaha.

Yangu ni ya faibaglasi, ya rika hilohilo, na huu ni mwaka wa tisa niko nayo. Mwaka wa kwanza hela yote niliimalizia kwenye betri za lithiamu na paneli. Mwaka wa pili nikakanyaga karibu na mlingoti, sitaha ikabonyea chini ya unyayo.

Boti nyingi za enzi hizo, sitaha yake ni ngozi mbili nyembamba za faibaglasi, na katikati pamejazwa balsa, mti mwepesi sana. Ni muundo mzuri maadamu balsa ni kavu. Lakini kila tundu la bolti ni mlango. Gundi ya kuzibia ikichakaa maji huingia, hayana pa kutokea, na mbao huoza ndani huku juu pakionekana pazima kabisa.

Chukua nyundo ya plastiki ugonge sitaha yote bila haraka. Penye uzima hulia kwa sauti kali, penye uozo sauti ni nzito, imekufa. Zungushia chaki. Mimi nililazimika kukata ngozi ya juu upande mzima wa kushoto, nikakwangua balsa iliyooza, nikaacha pakauke, nikaweka mpya kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, kisha nikairudisha ngozi. Kazi ya miezi miwili, na mikono iliwasha mpaka nikajifunza kutovua glavu.

Kwa matundu ya bolti usirudishie gundi tu. Toboa tundu kubwa zaidi, kwangua balsa pembezoni, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hata gundi ikichoka siku moja, maji yatakuta epoksi, hayatakuta mbao.

Ukiwa hapohapo, chomoa vile vyuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti. Usidanganywe na mng'aro wa juu. Chuma cha pua kikibanwa mahali penye unyevu pasipofika hewa, huliwa kwa siri. Changu kiling'aa juu na chini, ila pale kinapopita kwenye sitaha kulikuwa na ufa. Mlingoti wote ulitegemea chuma kile! Nyaya zenyewe, kama hujui umri wake, hesabu kwamba zimekwisha. Wengi huzibadilisha kila miaka 10 hadi 15.

Boti ikiwa nchi kavu, kagua pia valvu zilizo chini ya maji. Za shaba ya njano hupoteza zinki baharini. Ukikwangua kwa kisu ukaona rangi ya waridi, itoe, maana inaweza kuvunjika mkononi. Weka za bronzi.

Sola baadaye. Ukifika kwenye lithiamu, usiiunganishe moja kwa moja na altaneta, kifaa cha injini kinachozalisha umeme: betri hizo hunyonya umeme mwingi mfululizo, altaneta inaweza kuungua. Na fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Ukishagonga, weka picha za alama zako za chaki, hasa kuzunguka mlingoti, nikuonyeshe mimi ningekata wapi.