Wasomaji Wanauliza: Vichanja vya Nyasi vya Studor

SWALI: Kwenye picha za kijiji cha Studor, Slovenia, nimeona majengo marefu yenye paa lakini hayana kuta. Ni ya nini?

JIBU: Hivyo ni vichanja vya kukaushia nyasi za mifugo. Nchini kote huitwa kozolec, na katika bonde la Bohinj, kilipo Studor, huitwa stog. Ni nguzo ndefu za mbao, fito zilizolazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na paa jembamba juu.

Sababu yake ni mvua. Bohinj hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ngurumo za kiangazi huja nyasi zikiwa zimekatwa. Nyasi mbichi ni maji kwa takriban asilimia 80, na hazifai kuingia ghalani mpaka yashuke chini ya 20. Ukizirundika mapema zinaota ukungu, zinapata joto ndani kwa ndani, na rundo kubwa linaweza kuwaka lenyewe. Ukiziacha chini zinaloa upya, na kila unapozigeuza, majani ya klova (mmea wa jamii ya kunde unaoota kati ya nyasi) yaliyokwisha kukauka yanapukutika. Protini nyingi imo kwenye majani hayo, kwa hiyo ng'ombe anabaki kutafuna vijiti.

Basi nyasi huachwa zinyauke shambani, kisha hupandishwa. Mmoja hurusha fungu kwa uma, mwenzake aliyepanda kwenye fito hulipokea na kulitandaza. Hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapoharibu: wanashindilia. Fungu nene huzuia upepo, nje linaonekana kavu na katikati linafuka. Chomoa kishada cha ndani kabisa ukisokote. Kikiacha unyevu kiganjani, bado.

SWALI: Nimesikia pia jina toplar. Ni kitu kingine?

JIBU: Ni kichanja pacha: safu mbili sambamba chini ya paa moja, mkokoteni unapita katikati, na juu kuna dari ya kuwekea nyasi zilizokauka. Kichanja cha safu moja kikijaa ni kama tanga mbele ya upepo. Toplar husimama imara zaidi kwa sababu boriti huunganisha safu zote mbili na mbao za mshazari hukaza pembe. Katika makumbusho ya nje, chini ya anga, ya Šentrupert, Slovenia, yaliyofunguliwa 2013, upo toplar wa mwaka 1795.

SWALI: Nguzo za kichanja cha zamani zimeoza chini. Nizizungushie zege?

JIBU: Usithubutu. Zege hushika maji ubavuni mwa mbao, na nguzo huoza hasa pale inapokutana na udongo, kwa kuwa hapo maji na hewa vyote vipo.

Anza na paa. Kigae kilichotoka kikiachwa, viungo vya juu navyo vitaoza. Kisha toa mzigo wote na fito, weka mihimili ya muda chini ya boriti, ndipo uguse nguzo. Dunga nguzo kwa bisibisi ukipanda juu mpaka igome kwenye mbao nzima, na ukate hapo. Unga kipande cha mti wa aina ileile; kama ni mwaloni, mwaloni. Kiungo kiwe cha mshazari, urefu wake angalau mara tatu ya unene wa nguzo, kikazwe kwa vigingi vya mbao ngumu. Mguu ukae juu ya jiwe, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, usifikiwe na matone yanayoruka.

Lakini vichanja vya Studor vinalindwa kama urithi wa utamaduni. Kibali cha taasisi ya taifa ya uhifadhi hutangulia msumeno.

SWALI: Siku hizi nyasi hufungwa kwenye plastiki, na kichanja kinabaki tupu. Je, naweza kuziba kichanja kwa mbao kiwe stoo?

JIBU: Ukiziba umekata upepo, na unyevu utabaki ndani. Kuni zinafaa, na wengi wanaziweka humo. Zipange juu ya magogo, na uache nafasi ya kiganja kati ya kuni na nguzo.