Ngozi Inapokikataa Kipini, Antibiotiki Haisaidii

SWALI: Daktari, miezi 4 iliyopita nilitobolewa kifuani, chini kidogo ya mtulinga, nikawekwa kipini ambacho mwili wake umelala chini ya ngozi na vichwa vyake viwili vimetokeza juu. Kwa miezi 2 kilitulia. Sasa matundu yamepanuka, ngozi iliyo katikati imekuwa nyembamba na inang'aa, na nikiitazama vizuri naona kivuli cha chuma. Sina usaha wala homa. Aliyenitoboa anasema ni maambukizi. Amenipa vidonge vya antibiotiki na kuniagiza nisafishe kwa spiriti mara 3 kwa siku. Nimemaliza dozi ya pili bila nafuu. Je, nibadilishe dawa? Na je, naweza kutoboa kingine kwenye ukosi wakati hiki kinapona?

JIBU: Usibadilishe dawa, kwa sababu huna ugonjwa unaotibiwa kwa dawa. Kwa dalili ulizozieleza, ngozi yako inakikataa kipini, na kinachotakiwa ni kukitoa, ikiwezekana wiki hii, kabla ngozi hiyo nyembamba haijapasuka.

Maambukizi na kukataliwa ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakonisikitisha kuliko jambo lolote katika kazi hii, maana nakutana nako karibu kila wiki. Maambukizi huletwa na bakteria: sehemu inavimba kwa haraka, inakuwa ya moto, inauma na kupwita, inatoa usaha mzito wa njano iliyokolea au kijani, na yakisambaa mtu hupata homa, mitoki, na wekundu unaotambaa mbali na tundu, ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana kama zambarau au weusi uliozidi. Kukataliwa hakuletwi na kijidudu chochote. Ni kazi ileile ambayo mwili huifanya mtu anapochomwa na mwiba ukakatikia ndani: ngozi mpya inajijenga polepole chini ya mwiba, iliyo juu yake inazidi kupungua, hadi siku moja mwiba unatokeza wenyewe. Antibiotiki huua bakteria, wala haiwezi kuuzuia mwili usiutoe mwiba. Hata yale majimaji meupe au ya njano hafifu yanayokauka na kuwa kigaga kwenye kichwa cha kipini si usaha. Hiyo ni hali ya kawaida ya kidonda kinachopona.

Ndewe ya sikio hutobolewa upande mmoja ikatokea upande wa pili, ndiyo maana hereni hukaa miaka bila taabu. Kwenye ngozi ya bapa, kipini huingia na kutokea upande uleule, kikilala milimita chache tu chini ya uso wa ngozi, na kila unapoinua mkono, unapogeuza shingo, unapojifuta kwa taulo au kupachika mkoba begani, kinavutwa. Kwa sababu hiyo watoboaji wanaoijua kazi hutumia kipini kilichopindwa pembe mraba kwenye ncha zote mbili, mfano wa pini ya stepla, ili vichwa visimame wima bila kuikandamiza ngozi. Kipini kilichonyooka, au kile kilichojipinda kama ndizi ambacho ni cha kitovu, hukandamiza matundu tangu siku ya kwanza. Metali nayo ina uzito wake katika jambo hili: titani ya kiwango cha vipandikizi vya hospitalini huvumiliwa na watu wengi, ilhali metali za bei rahisi zenye nikeli huwasha na kuharakisha kukataliwa. Hata hivyo, kazi ikifanywa kwa ustadi wote, vipini vya aina hii bado hukataliwa mara nyingi zaidi kuliko vya ndewe, baada ya miezi au baada ya miaka, na anayekuahidi kwamba chake kitadumu maisha yote anakudanganya.

Hivi karibuni nilimpokea kijana aliyekuwa amefuata ushauri kama uliopewa wewe kwa miezi 5. Ngozi kuzunguka matundu ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama udongo wa kiangazi kwa sababu ya spiriti, na nilipomulika tochi kutoka pembeni, urefu wote wa chuma ulionekana mfano wa mshipa wa kijivu. Kilichokuwa kimebaki kukishikilia kipini ni utando mwembamba kama ganda la kitunguu, na nilipokigusa tu, utando ule uliachia wenyewe. Kingetolewa mapema angebaki na vitone viwili vidogo. Sasa ana kovu refu lililoanzia tundu moja hadi jingine, na hakuna mafuta yatakayolifuta.

Nenda kwenye kliniki, au kwa mtoboaji mwenye mafunzo, kichwa kimoja kifunguliwe na kipini kichomolewe kwa vifaa safi. (Wale wenye usaha au homa wasikitoe wenyewe nyumbani, kwa kuwa matundu yanaweza kuziba na kuufungia usaha ndani ukawa jipu, waanze kwa daktari.) Baada ya hapo osha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, yale yenye gramu 9 za chumvi kwa lita 1, mara 2 kwa siku, kisha kausha kwa shashi safi. Usichanganye chumvi kwa kukisia, maana ikizidi inakausha kidonda. Spiriti na haidrojeni peroksaidi uziweke kando kabisa, kwa kuwa huua seli changa zinazojaribu kufunga jeraha. Msomaji ambaye hana uhakika kama chake kinahama au la, apime kwa rula umbali kati ya matundu mawili kila wiki, siku ileile, na apige picha katika mwanga uleule. Umbali ukipungua, au chuma kikizidi kuonekana, asisubiri.

Kuhusu ukosi, jibu langu ni hapana kwa sasa. Kidonda cha namna hii kinahitaji miezi 6 hadi 12, na wakati mwingine zaidi, na ukosi husuguliwa na kola, nywele na mto usiku kucha. Isitoshe, kifua, mabega, sehemu ya juu ya mgongo na ndewe ndiko makovu ya keloidi, yale yanayoendelea kukua kupita mipaka ya jeraha, hupenda kutokea, na watu wenye ngozi nyeusi huyapata zaidi. Subiri uone kovu la kifuani linavyotulia, na uulize nyumbani kama kuna ndugu mwenye keloidi. Kama yupo, ningekushauri uachane kabisa na matundu ya juu ya ngozi.

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba mtu aliyekuuzia tundu ndiye aliyekuandikia dawa. Dozi mbili za antibiotiki bila kipimo wala usaha hazikukusaidia chochote, na zimewapa bakteria waliomo mwilini mwako nafasi ya kujifunza kuihimili dawa ambayo huenda ukaihitaji siku ya ugonjwa wa kweli. Watu wa namna hiyo ndio pia wanaotoboa ngozi ya bapa kwa bastola ya hereni, chombo ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo na ambacho kikiwa na sehemu za plastiki hakiwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke, na ndio wanaochoma sindano ya ganzi bila kuwa wahudumu wa afya. Kuifuta sindano kwa spiriti au kuipitisha kwenye kiberiti si kuitakasa. Kutakasa ni mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, ndani ya pakiti iliyofungwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, muda unaotosha kabisa kwa kifaa kimoja kupita kwa wateja wengi.

Kwa hiyo, kama hukuiona pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yako siku ile, pima homa ya ini aina ya B na C pamoja na VVU, ukipata majibu mazuri uchanjwe dhidi ya aina ya B kama hujachanjwa, na uulize kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.