Spageti za kutisha kwa watu 8: weusi wa ngisi, wekundu wa bitiruti

Karamu ya kutisha huharibika pale mpishi anapomaliza nguvu zake kwenye macho ya bandia na vidole vya kababu, huku spageti zenyewe zikiiva mpaka zinavurugika. Sinia liwe tamu kwanza, vitisho vitafuata. Na mkaaji wa Mombasa hana haja ya kununua rangi za chupa, kwa sababu weusi wa kuogofya unauzwa soko la samaki, ndani ya ngisi.

Nunua paketi 2 za spageti za gramu 400 na ngisi wazima kilo 1 na nusu. Mwambie muuzaji mapema asikusafishie. Wengi wao huanza kukata kabla hujatoa pesa, na kitu cha kwanza wanachotupa ni kile ulichokifuata.

Wino umo kwenye kifuko chembamba kinachong'aa rangi ya fedha, kimelalia matumbo. Shika kiwiliwili kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, vuta polepole. Matumbo yatatoka pamoja na kichwa, na kifuko utakiona juu yake. Kikate kwa ncha ya mkasi pale kilipojishika, bila kukibana, kisha kitie kwenye bakuli lenye vijiko 2 vya maji na ukitoboe humo humo. Ngisi wengi huutema wino wakati wa kuvuliwa, kwa hiyo baadhi ya vifuko utavikuta vitupu. Ndiyo maana ya kununua kilo na nusu, ingawa nyama utakayoihitaji ni chini ya hapo. Ukimpata dome, jamaa yake ngisi, mchukue mmoja, wino wake ni mwingi zaidi. Chuja kwa kichujio cha chai, vipande vya ngozi ya kifuko visije vikawakwama watu menoni. Vaa glavu, na mwenye kanzu nyeupe akae mbali na jikoni.

Sasa maji. Kanuni ya kuchemsha ni lita 1 kwa kila gramu 100 za spageti, na gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Lakini nyumba nyingi za hapa hutegemea maji ya kisima ambayo tayari yana chumvi chumvi, na wino nao umetoka baharini na chumvi yake. Onja maji kabla ya kutia chochote. Ukiisikia chumvi ulimini, tia nusu ya kipimo au usitie kabisa; chumvi iliyozidi ndani ya spageti haina dawa. Mafuta usiyatie kwenye maji, yatazifanya spageti ziteleze na mchuzi usishike. Zitoe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, kiini kikiwa bado kigumu kidogo, na uweke kando vikombe 2 vya yale maji. Usizisuuze: wanga ulioganda juu yake ndio utakaoufanya mchuzi uwe mzito.

Sinia jeusi linachukua paketi moja. Kata ngisi pete za upana wa kidole, uwakaushe kwa kitambaa, kisha uwatupe kwenye karai lenye mafuta moto sana kwa dakika 2 tu, kwa mafungu. Wakijazana watatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Ngisi ana nyakati mbili za kuliwa: dakika 2 za moto mkali, au zaidi ya nusu saa ya moto mdogo. Katikati ya hapo nyama imejikaza na haijapata muda wa kulainika tena, na hapo ndipo watu husema ngisi ni mpira. Waondoe, kwenye karai lile lile tia vijiko 4 vya mafuta, kitunguu 1 kilichokatwa kidogo kidogo, punje 5 za thomu na pilipili moja mbichi. Kijiko 1 cha nyanya ya kopo kikaangike mpaka mafuta yajitenge. Mimina wino na nusu kikombe cha maji ya spageti, uache dakika 3. Spageti ziingie hapo, uzigeuze kwa koleo dakika 2 ukiongeza maji kidogo kidogo mpaka zing'ae. Warudishe ngisi, zima moto, kamulia ndimu. Tui la nazi liache kwa siku hiyo, hata kama mkono unakuwasha: weusi wote utageuka rangi ya saruji.

Paketi ya pili iwe nyekundu. Zikune bitiruti 2 za wastani kwa kikunio, changanya na kikombe 1 cha maji, kamua kwenye kitambaa safi, tia maji ya ndimu 1. Kosa la kawaida hapa ni kuchemshia spageti ndani ya juisi hiyo tangu mwanzo. Rangi ya bitiruti huuawa na moto, na baada ya robo saa unabaki na kahawia isiyotisha wala kupendeza. Zichemshe kwenye maji ya kawaida, kaanga thomu kwenye mafuta, tia spageti na juisi pamoja kwa dakika 2, basi. Ndimu husaidia rangi idumu. Waonye wageni kwamba kesho yake mkojo unaweza kuwa mwekundu, usije ukapigiwa simu alfajiri na mtu anayetafuta daktari.

Kwa macho, mayai ya kware ndiyo yenye kipimo sahihi. Yatie 16 kwenye maji yanayochemka kwa dakika 4, uyahamishie kwenye maji ya barafu, yapasulie upande mpana ambako kuna nafasi ya hewa, ganda litatoka kirahisi. Kata kishimo kidogo upande mmoja, bandika kipande cha zeituni nyeusi. Yapange juu ya sinia jeusi wakati watu wameshakaa, kwa sababu yakikaa dakika 10 wino hupanda na weupe unapotea.

Watoto wafanyiwe buibui wa soseji. Kata soseji za ng'ombe au kuku vipande vya sentimita 2, choma kila kimoja kwa spageti kavu 6 hadi 8 zilizovunjwa katikati, zitokeze pande zote, uchemshe dakika 10 hivi. Vipande vikiwa virefu zaidi ya hapo, spageti ya ndani haipati maji na inabaki ngumu. Kababu za umbo la kidole zenye kucha ya kitunguu zinatosha kama nyongeza. Zisizidi sahani moja, meza ikijaa mapambo hakuna anayeshtuka.

Ukifukiza udi, chetezo kikae mlangoni, si karibu na sinia, moshi wake unameza harufu ya ngisi. Taa zizimwe, mishumaa iwe ndani ya gilasi, mbali na mashungi na mikono ya watoto. Kuna wazee wasiopenda mzaha wa majini nyumbani, hasa magharibi. Andaa baada ya isha, na uwaulize kabla ya kualika. Kinywaji kiwe juisi ya ukwaju, rangi yake inaendana na meza. Mwisho toa mabuyu mekundu. Kila ulimi utakuwa mwekundu, na meno yaliyotiwa weusi na wino yanapochanganyika na wekundu huo, hakuna kinyago kinachofikia hapo.

Kwa joto la hapa, kilichobaki kisikae mezani zaidi ya saa 2. Spageti nyeusi zikiwekwa kwenye friji hukaangika vizuri na yai asubuhi. Doa la wino kwenye kitambaa lioshwe papo hapo kwa maji baridi na sabuni ya kipande. Maji ya moto huligandisha.