JIBU: Habari 6 ndani ya dakika 15? Mkuu, hesabu hiyo ni ya Kiingereza

Mkuu, simama kwanza. Usikodi kitu, usimpigie simu mtu wa kuhojiwa, na hiyo karatasi ya mpangilio uliyobandika usimwoneshe mdhamini. Umeuliza mambo matano kuhusu hiki kipindi cha habari cha wanafunzi: kamera gani mnunue, timu iwe ya watu wangapi, habari mzitoe wapi, wasomaji wavae nini, na kama YouTube inahitaji kibali. Yote yatasubiri. Kuna mstari mmoja katikati ya maelezo yako umenichoma: "tumekadiria maneno 180 kwa dakika."

Nani kakuambia 180?

Ngoja, namjua. Ni yuleyule aliyetupoteza sisi, au mwanafunzi wake. Anakuja na semina ya siku mbili, anafungua slaidi iliyoandikwa "sekunde moja = maneno matatu", anakula pilau, anagawa vyeti, anaondoka. Cheti changu bado ninacho, kinafunikia mtungi wa maji. Na ubaya ni kwamba namba yenyewe si ya uongo. Ni sahihi kabisa, kwa Kiingereza. Kile ambacho Mwingereza anakisema kwa maneno matano, sisi tunakimaliza kwa moja: "hawakutuambia". Neno letu limebeba mtenda, kukanusha, wakati, mtendwa na kitenzi, kwa hiyo ni refu mdomoni. Msomaji wa Kiswahili anayesoma kwa utulivu, bila kumeza silabi, anatoa maneno kama mawili kwa sekunde. Niliowapima mimi wengi wamekaa kati ya 105 na 130 kwa dakika. Anayefika 180 si msomaji wa habari, huyo mpelekeni kwenye mnada.

Sasa tuchukue karatasi yako. Dakika 15 ni sekunde 900. Umetenga ala ya kufungua 15, vichwa vya habari 40, salamu 10, vipande vya muziki vya kutenganisha 20, muhtasari wa mwisho 30, kuaga 15, majina ya watengenezaji pamoja na tangazo la mdhamini 20. Jumla 150, zinabaki 750. Ukapanga pakeji 6 (habari kamili zilizorekodiwa, zenye sauti ya mwandishi na ya waliohojiwa) za sekunde 90, kila moja na utangulizi wa sekunde 20 studioni, hizo ni 660, na habari fupi 3 za sekunde 30, hizo ni 90. Ikatimia 750 bila kubaki hata moja. Inapendeza. Hata mimi yangu ilitimia hivyohivyo, nikaiwekea na rangi.

Hesabu tena kwa Kiswahili. Katika sekunde 90 za pakeji, umesema 60 ni za mwandishi na 30 za waliohojiwa. Kwa kipimo chako mwandishi ataandika maneno 180. Yakisomwa kwa kasi ya mawili kwa sekunde ni sekunde 90, umeshazidi 30. Utangulizi wa maneno 60 unachukua 30 badala ya 20, umezidi 10. Hapo ni 40 kwa kila pakeji, mara 6 ni 240. Habari fupi zinazidi 15 kila moja, ni 45. Vichwa vya habari vinazidi 20, muhtasari unazidi 15. Jumla ya ziada ni sekunde 320. Kipindi chako cha dakika 15 kina dakika 20 na sekunde 20, na umesema kituo kimekupa dakika 15 kamili. Fundi wa zamu hatakuita mshauriane. Ikifika dakika ya 15 anakata, na wewe tangazo la mdhamini umeliweka mwishoni kabisa, baada ya kuaga. Sitaeleza zaidi. Fahamu tu kwamba barua ya kumwomba radhi mdhamini nayo ni ndefu kwa Kiswahili.

Na hapo sijagusa tarakimu. Kompyuta inahesabu "14/10/2024" kuwa neno moja. Kinywa kinasema "tarehe kumi na nne mwezi wa kumi mwaka elfu mbili na ishirini na nne", maneno 14, kama sekunde 7. "Sh. 4,375,000" inaonekana maneno mawili; ukiisoma ni kumi. "HESLB" ni neno moja kwenye karatasi, lakini msomaji wenu atatamka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kwenye habari ya bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, kuchelewa atalitamka mara nne. Halafu kuna vyeo. "Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma, Utafiti na Ushauri" ni maneno kumi na mheshimiwa mwenyewe bado hajatajwa jina. Cheo kirefu kiandikwe kwenye utepe chini ya picha, mdomoni abaki "kiongozi wa taaluma chuoni". Fedha ziwe "zaidi ya shilingi milioni nne". Bodi ipewe jina kamili mara moja tu, baada ya hapo "Bodi" inatosha. Na tarakimu zote kwenye skripti ziandikwe kwa maneno kabla hujahesabu chochote.

Utaniambia, si tutapunguza kwenye uhariri? Jaribu. Sauti ya mwandishi ilishawekewa picha juu yake. Ukitoa sentensi moja, picha tatu zinahama na jibu la mhojiwa linabaki linaning'inia bila swali. Ukitoa habari nzima, msomaji alishaitaja kwenye vichwa vya habari, na studio mlishairudisha. Ukimwita mwandishi arekodi upya sentensi mbili, chumba kimebadilika, feni inazunguka, sauti haifanani. Halafu kuna yule mwanakijiji mliyemhoji chini ya mwembe akawaalika watoto wake wote waangalie. Habari yake haikuruka. Mrudie mwezi ujao uone kama atafungua mlango.

Au utasema basi asome haraka. Hili ndilo baya kuliko yote. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kukanusha kunakaa mwanzoni, kwenye kasilabi kasikokuwa na nguvu. Mtu akikimbia, "hawakupewa" na "wakapewa" zinakaribiana kabisa masikioni mwa mama anayekaanga vitumbua huku runinga iko chumba kingine. Umetangaza kwamba wanafunzi wakapewa fedha. Hawakupewa. Kesho yake foleni iko dirishani kwa mhasibu, na anayetafutwa ni wewe.

Dawa yake ni moja na nitairudia hadi moderator anifungie: panga kwa sekunde zilizosomwa kwa sauti, na msomaji yuleyule, saa ikiwa mkononi. Mkae chumba mtakachorekodia. Msomaji akae wima mbele ya maiki, asome maandishi ya habari ambayo hajawahi kuyaona, dakika tatu mfululizo, simu ikihesabu. Asisome kimoyomoyo, maana kichwa kinakimbia kuliko ulimi. Hesabu maneno aliyosoma (tarakimu zikiwa zimeshaandikwa kwa maneno), gawa kwa tatu. Rudia na maandishi mengine mawili ya aina tofauti, moja la michezo, moja la utawala, kwa sababu habari za utawala zimejaa "utekelezaji" na "uwajibikaji" na zitamchelewesha. Chukua ile ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo kasi yake. Kila msomaji na kila mwandishi ana yake, ziandike ukutani.

Ukishapata kasi, mpe mwandishi kikomo cha maneno kabla hajatoka kwenda eneo la tukio. Kama kasi yake ni 110, sekunde 60 za maelezo ni maneno 110, basi. Hapo ataenda akijua anabeba hoja mbili na si tano. Na hapa ndipo utafiti wenu wa habari unapokutana na hesabu: idadi ya habari mnazozifuatilia inatokana na sekunde, haitokani na ari ya wajumbe kikaoni. Kwa zile 750, vichwa na muhtasari vikishaandikwa upya vitoshee 40 na 30 zake, panga pakeji 5 za sekunde 110 zenye utangulizi wa 20. Ni 650. Habari fupi 2 za sekunde 40, ni 80. Zinabaki 20 za kupumulia. Moja ya zile fupi iwe ya akiba: isitajwe kwenye vichwa vya habari, ikae karibu na mwisho, iweze kuondoka bila mtu kuuliza. Tangazo la mdhamini lihamie katikati, leo hiihii.

Picha nazo zinafuata sekunde hizohizo. Picha moja hewani hukaa sekunde 4 au 5. Maelezo ya sekunde 60 yanahitaji picha kati ya 12 na 15 tofauti, kwa hiyo mpiga picha arudi na 20, kila moja ameishikilia sekunde 10 bila kutikisa wala kuvuta lenzi. Kumbe maelezo yakiwa ni sekunde 90, zinahitajika hadi 22 hewani, na huna, ndiyo maana vipindi vya wanafunzi vinaonesha geti la chuo mara saba. Watu wanadhani ni uvivu wa mpiga picha. Aliambiwa sekunde 60!

Waliohojiwa pia wana hesabu yao. Kiongozi wetu yeyote ukimwekea maiki ataanza "kwanza kabisa nikushukuru kwa nafasi hii", atamshukuru Mwenyezi Mungu, atawashukuru wote kuanzia juu kushuka chini. Sekunde 25 zimekwenda na ulikuwa umemtengea 15. Usimkatize, ni utovu wa adabu na atanuna. Mwache amalize, kisha muulize swali lilelile kwa maneno mengine. Jibu la pili ndilo utakalotumia. Mwombe pia ataje swali ndani ya jibu lake, ili "ndiyo, tumeanza" iwe "ujenzi wa maktaba tumeanza".

Karatasi ya mpangilio, ule wanaouita randauni, iwe na safu hizi: namba, jina fupi la habari, aina, nani anasoma, sekunde zilizokadiriwa, sekunde zilizopimwa, jumla inayokwenda, na muda uliobaki ukihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Hiyo ya mwisho ndiyo mtakayoitazama siku ya kurekodi. Ukitumia Excel, andika sekunde tupu, 130. Ukiandika 2:10 inaelewa saa mbili na dakika kumi, na kosa hulioni mpaka jumla ianze kukuchekea. Habari ambayo safu ya "zilizopimwa" iko wazi haina namba, haina picha, haipo. Hata kama mwandishi wake ni rais wa serikali ya wanafunzi.

Na kwenye ratiba ya kwenda kurekodi chagueni saa moja, ya Kiswahili au ya kimataifa. Msichanganye "saa 4" na "10:00" kwenye karatasi moja. Dereva atakuja saa 10 jioni, na kwa karatasi hiyo yuko sahihi.

Haya, kamera. Simu nzuri mliyonayo inatosha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za mrija zitacheza ukiweka vinginevyo. Hela ya kamera nunua maiki mbili za kubana shatini. Sauti rekodi kwa 48 kHz. YouTube: kasomeni kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) za mwaka 2020 pamoja na marekebisho yake, mkiwa na mwanasheria wa chuo, maana mimi ushauri wangu wa kisheria umeshanigharimu. Mkihoji watoto wa shule, pateni idhini ya mzazi kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kabla hujanijibu kwamba nazidisha, fanya jambo moja jioni ya leo. Rekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kituo chochote. Chagua dakika moja ambayo msomaji anaongea peke yake, iandike neno kwa neno, hesabu. Usiku huohuo mpime msomaji wako wa kwanza na wa pili kama nilivyoeleza. Lete namba zote tatu hapa. Ikizidi 135 nitajua mmoja wenu kasoma kimoyomoyo.