Michezo ya Sherehe kwa Vijana wa Sekondari: Anza na Ule Usiomweka Mtu Peke Yake

Kijana wa miaka 15 anapokataa kucheza katika sherehe, mara nyingi mchezo wenyewe hauna kasoro. Anachohofia ni kuchekwa mbele ya wenzake, na hofu hiyo huongezeka maradufu anapoona simu ya mtu imeinuliwa kurekodi. Nimeandaa sherehe za wanangu na za watoto wa ndugu zangu hapa Dar es Salaam, za kuzaliwa, za kipaimara na zile za kuwapongeza waliomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, na siku hizi jambo la kwanza ninalolipanga ni utaratibu wa michezo, yaani upi utangulie na upi ufuate, kabla hata sijafikiria keki. Mshereheshaji anayeanza kwa kumwita msichana mmoja katikati ili acheze muziki huku wengine wakimtazama huwa amekwisha kuwasukuma wageni wote ukutani, na kuwarudisha ni kazi ya saa nzima.

Kwa sababu hiyo mimi huanza na msako wa picha, ambao una faida ya kuipa simu kazi badala ya kuipiga marufuku. Kukusanya simu kwenye kapu mlangoni nimeona kukiwafanya vijana wanune kabla hawajaketi. Katika msako wanagawanywa makundi ya watu wanne au watano, kila kundi linatumia simu moja tu, na wanapewa orodha ya vitu kumi vya kupiga picha ndani ya dakika 20 bila kuvuka mtaa: kanga yenye neno "jirani" katika maandishi yake, bajaji yenye maneno nyuma, paka aliyelala, mti wa mwarobaini, kivuli cha kundi zima kikiwa kimeungana, na kadhalika. Anayetaka kumpiga mtu picha lazima amwombe ruhusa kwanza, na muuza duka akikataa, basi kundi linatafuta kitu kingine. Hakuna anayebaki peke yake, wageni wasiofahamiana wanalazimika kuzungumza, na wanaporudi wakitokwa na jasho wakagombania picha ipi ikubaliwe, ule ugumu wa mwanzo huwa umekwisha kuyeyuka. Makundi hayo yagawe kwa kuhesabu moja hadi nne, kwa maana ukiwaachia wachague wenyewe, wa shule moja watakaa pamoja na yule binamu aliyetoka Morogoro atabaki akiangalia miguu yake.

Suala la nani aongoze lina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mimi nikisimama mbele, vijana wananiamkia, wanakaa wima, na wanacheza kwa adabu kama walio darasani. Tabia hiyo ni njema lakini si sherehe. Afadhali uongozi upewe kaka, dada au binamu wa miaka 20 hivi, ambaye wanamwona mkubwa kidogo tu, wewe mzazi ukabaki karibu na jiko la mishikaki mahali unapoweza kuona kila kitu bila kuonekana unaona. Kaa naye siku moja kabla mpitie sheria za kila mchezo, kwa kuwa mchezo unaoelezwa kwa kusitasita hufa kabla haujaanza.

Jua la Desemba linajulikana, hivyo michezo ya kukimbia isubiri hadi saa kumi na nusu, na hapo una saa mbili hivi kabla giza halijaingia. Usiogope kuwapa rede. Utadhani vijana wa kidato cha tatu wataiona ya kitoto, lakini mradi wenyewe ndio wanaoamua kuikumbuka, hucheza kwa ari kubwa: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa huku wakijaribu kujaza chupa mchanga, na wavulana waliokuwa wakidai huo ni mchezo wa wasichana hugundua haraka kwamba hawajui kukwepa. Mpira uwe wa soksi au wa mifuko iliyofungwa vizuri, usiwe wa ngozi. Kombolela nayo inafaa kama uwanja una pa kujificha, ila uifunge kabla ya giza na uwakataze kupanda juu ya ukuta wenye vipande vya chupa.

Kiti cha muziki nimekiacha. Anayetolewa mwanzo hukaa bila kazi hadi mwisho, singeli huwafanya wazunguke kwa kasi ya kuangushana, na viti vya plastiki vya kukodi vikivunjika, anayelipa ni wewe.

Wakati wa kupumzika na juisi ya ukwaju ndio wakati wa maswali, na hapa mtu asijibu peke yake bali kundi lishauriane kwa sekunde 30 na kuandika jibu. Changanya maswali ili mpenzi wa mpira, mpenzi wa muziki na yule wa vitabu kila mmoja apate pa kung'aa. Ni klabu gani kongwe kati ya Yanga na Simba? (Yanga, ya mwaka 1935, Simba ilifuata mwaka 1936.) Simba iliitwaje kabla ya mwaka 1971? (Sunderland.) Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza ni nani, na alijiunga na klabu gani Januari 2020? (Mbwana Samatta, Aston Villa.) Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika mji gani mwaka 1974? (Christchurch, New Zealand.) Swali linalozua kelele kuliko yote, hata hivyo, halina mwaka wala jina la mtu: ninaandika vituo vya mabasi ya Mwendokasi kwenye vikaratasi, Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni Mapipa, Jangwani na Fire, navichanganya, kisha kila kundi linavipanga kwa kufuata njia ya kutoka Kimara kwenda Kivukoni. Wale wanaopanda basi hilo kila siku kwenda shule hujiamini mno, na ndio wanaobishana kwa sauti ya juu zaidi.

Baada ya hapo sasa unaweza kumleta mtu mbele, na ni bora aje na mwenzake. Mchezo wa kuigiza bila kusema ukichezwa na wawili wawili huondoa aibu kwa kiasi kikubwa, hasa wakipewa mambo wanayoyaona kila siku: konda anayebishana na abiria juu ya chenji, muuza kahawa na mteja wake, shabiki wa Simba na wa Yanga wakitazama penalti moja.

Giza likiingia, au umeme ukikatika, ambalo si jambo geni, toa mchezo ambao kwa maoni yangu unawafaa vijana kuliko mingine yote. Ulimwenguni unajulikana kama Mafia, na ulibuniwa na Dimitry Davidoff katika Chuo Kikuu cha Moscow miaka ya 1980. Sisi tunauita Wezi wa Mtaa. Wachezaji 12 wanakaa duara na kila mmoja anapewa kikaratasi kilichokunjwa cha siri: wawili au watatu ni wezi, mmoja ni sungusungu, mmoja ni mlinzi, waliosalia ni wananchi. Kiongozi anatangaza usiku, wote wanafumba macho na kupigapiga mapaja taratibu ili mtu akisogea asisikike. Wezi wanafumbua macho na kukubaliana kimyakimya nyumba ya kuvamia. Wakishafumba, mlinzi anachagua mtu mmoja wa kumlinda. Sungusungu naye anamnyooshea kidole anayemshuku, na kiongozi anamjibu kwa kichwa tu. Asubuhi inatangazwa nani kaibiwa na kuhama mtaa, kisha mjadala unaanza, watu wanatuhumiana, wanajitetea, na mwisho wanapiga kura ya kumfukuza mmoja. Wananchi wanashinda wezi wakiisha, na wezi wanashinda wakilingana nao kwa idadi.

Katika mchezo wa asili mtu huuawa, lakini mbele ya mabibi waliokuja kwenye kipaimara niliona kuibiwa kunatosha. Waliotolewa tunawageuza mizimu: wanaruhusiwa kufumbua macho usiku na kuona kila kitu, mradi wasiseme neno wala kucheka, na wengi hukiri kwamba raha ya mizimu inazidi ya wachezaji. Yule kijana mkimya ambaye hakufungua mdomo tangu alasiri mara nyingi ndiye mwizi anayedanganya vizuri kuliko wote.

Kuna michezo ninayoikataa bila kujadiliana. Ule wa kuzungusha chupa, ambapo aliyeelekewa ama anasema siri ama anafanya jambo la aibu, huzaa video inayofika kwenye makundi ya WhatsApp ya shule kabla keki haijakatwa. Pia naepuka michezo ya kukaliana mapajani au kupitisha kitu kwa shingo. Nyumba nyingi za hapa zina wageni wa dini na malezi tofauti, na msichana mwenye hijabu asilazimike kueleza kwa nini hachezi.

Mwisho, kwa wale wasiopenda makelele, weka meza moja pembeni yenye karata, drafti na mnara wa Jenga, mchezo ulioingizwa sokoni mwaka 1983 na Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki. Huna haja ya kununua wa dukani. Fundi seremala wa Keko anaweza kukukatia vipande 54 kutokana na mabaki ya mbao; mwambie urefu wa kipande kimoja ulingane na upana wa vipande vitatu vilivyolala pamoja, avipige msasa vyote mpaka viteleze, na visizidiane sana unene, kwani kimoja kikiwa kinene mno kuliko vingine hakitachomoka kwa urahisi.