Nyumba Iwe Rehani ili Tuwekeze? Majibu kwa Wasomaji wa Njiro na Pasua

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari na naishi Njiro, Arusha, katika nyumba yangu yenye hati miliki. Mshahara wangu pamoja na faida ya duka la mke wangu hutupatia takribani shilingi milioni 1.8 kwa mwezi. Benki iko tayari kunikopesha shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 17, nilipe kwa miaka 5, nyumba ikiwa rehani. Nimekusudia nusu ninunue hati fungani za Serikali, yaani niikopeshe Serikali kwa riba, kama alivyofanya rafiki yangu mstaafu ambaye sasa anapokea riba nzuri, na nusu niingie ubia wa gari la kitalii. Je, nifanye hivyo? (Mwalimu, Njiro)

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwamba umeandika kabla ya kusaini, maana barua nyingi za aina hii hunifikia wakati notisi ya benki imekwisha kupokelewa. Kwa mpango huu nakushauri usiiweke nyumba rehani, na nakuomba unifuate katika hesabu ili uone sababu.

Ikiwa riba hiyo inahesabiwa kwa salio linalopungua, yaani juu ya deni lililobaki tu, rejesho lako litakuwa karibu shilingi 1,243,000 kila mwezi, na kufikia mwisho utakuwa umelipa takribani milioni 74.6. Ikiwa inahesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, rejesho linapanda hadi karibu 1,542,000 na jumla inafika milioni 92.5, ingawa asilimia inayotajwa ni ile ile 17. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa asilimia tu. Mwombe afisa mikopo jedwali lote la marejesho, ulisome nyumbani na mkeo. Juu ya hayo zipo gharama za mthamini, ada ya mkopo, bima na usajili wa rehani, ambazo mara nyingi hukatwa kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti yako.

Tuje kwenye hati fungani. Tuseme umepata yenye riba ya asilimia 13. Milioni 25 zitakupa shilingi 3,250,000 kwa mwaka, zikilipwa mara mbili, kila baada ya miezi sita. Mwaka huo wa kwanza, nusu hiyo hiyo ya mkopo itakudai riba ya karibu milioni 4, bila kugusa deni lenyewe. Ni kweli kwamba miaka inavyokwenda riba ya mkopo hushuka, lakini kinachoishusha ni mshahara wako unaolipa deni, wala si hati fungani. Rafiki yako mstaafu hakudanganya, ila yeye alinunua kwa fedha zake mwenyewe na hadaiwi na mtu. Tena riba anayokusimulia huenda usiikute: mwaka 2022 riba ya hati fungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, huku walionunua zamani wakiendelea kupokea ile ya juu.

Kuhusu gari la kitalii nina wasiwasi mkubwa zaidi. Wewe ni mtu wa Arusha, unajua kwamba masika yakianza magari hulala, na kazi hurejea kwa nguvu kuanzia Juni. Benki haina masika. Rejesho la Aprili linadaiwa sawasawa na la Agosti. Hayo ni majira ya kawaida tu, kabla hatujazungumzia msiba kama wa korona mwaka 2020, ambapo watalii waliokuja nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takribani laki sita na ishirini elfu. Mwaka huo nilipita kwenye yadi moja hapa mjini nikakuta magari kumi na moja yamefunikwa maturubai, na fundi mmoja akizunguka kuwasha injini moja baada ya nyingine ili betri zisife. Wenye magari ambao hawakuwa na deni walisubiri. Waliokopa hawakuwa na nafasi ya kusubiri, na baadhi yao waliuza kwa bei yoyote iliyotajwa.

Ndiyo maana kipimo changu kwa anayetaka kukopa kwa rehani ya nyumba ili awekeze ni kimoja: aweze kulipa kila rejesho kutoka kwenye kipato alicho nacho leo, kana kwamba uwekezaji hautaleta hata senti. Wewe, baada ya kulipa 1,243,000, utabaki na kama 557,000 za chakula, ada, umeme na ugonjwa wa ghafla. Kwa maoni yangu hazitoshi.

Badala yake, jaribu hivi kwa miezi sita: tenga kila mwezi kiasi ambacho ungeilipa benki, ukiweke kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali, au ukikusanye ununue hati fungani, ambazo huanzia shilingi milioni 1. Ukishindwa kutenga 1,243,000 ukiwa huna deni, ungeshindwa vilevile ukiwa nalo, tofauti ikiwa kwamba nyumba ingekuwa hatarini. Ukiweza, basi kwa miaka 5 utakuwa umeweka milioni 74.6 zako mwenyewe, hata kabla ya faida, na hati yako ikiwa kabatini. Ukiweza kutenga laki tatu tu, anza na hizo.

SWALI: Mume wangu ameniletea fomu ya benki nisaini ili nyumba tunayoishi iwekwe rehani apate mtaji wa kununua mahindi. Anasema sahihi yangu ni utaratibu tu. Nikikataa itakuwaje? (Mama wa watoto watatu, Pasua, Moshi)

JIBU: Mama, sahihi yako si utaratibu tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa hiyo ionekane. Ukikataa, benki makini haitatoa mkopo.

Kabla ya kukubali au kukataa, soma kichwa cha kila karatasi. Ridhaa ya mwenza ni jambo moja na udhamini ni jingine. Ukisaini kama mdhamini, deni linaweza kukufuata wewe binafsi hata baada ya nyumba kuuzwa. Fahamu pia kwamba marejesho yakikwama benki hutoa notisi, na siku 60 zikipita bila deni kulipwa inaweza kuuza kwa mnada bila kwanza kwenda mahakamani.

Wazee wetu hawakukubali kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kiuzwe, kwa kuwa makaburi ya ukoo yako pale, lakini nyumba ya mjini haina ulinzi huo. Nimeona Pasua kuta kadhaa zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na naelewa uchungu wa walioandika, ila rangi haimfungi dalali. Kinachosaidia ni zuio, yaani pingamizi linalosajiliwa kwenye hati kabla nyumba haijawekwa rehani, na kifungu hicho cha 59 kinakupa haki ya kuliomba.

Mwombe mumeo mwende benki pamoja, afisa awaeleze ninyi wawili mkopo ni kiasi gani, na mahindi yakishuka bei rejesho litatoka wapi. Ukiona mambo yanaendelea bila wewe, nenda na cheti chako cha ndoa na namba ya hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, ukaulize utaratibu wa kuweka zuio. Zuio halimnyang'anyi mumeo umiliki, wala halihitaji ruhusa yake.