Mwembe ukianza kukauka kutoka nchani, chukua kisu kwanza

Mama alikuwa na miembe 11 kwenye shamba lake la Kisesa. Leo imebaki 9, na ile miwili imefia mikononi mwangu.

Ilianza mwezi wa nane, kiangazi kimepamba moto. Ncha za tawi moja zikakauka. Nikasema ni kiu, nikaanza kubeba ndoo. Jirani akaniambia ni mchwa, na kweli shinani kulikuwa na udongo wao, basi nikanunua dawa ya wadudu nikapiga mara mbili. Mama akaniangalia tu, mwishowe akasema, "Mwanangu, mti huu hauna kiu. Maji umeumwagia mwezi mzima." Vuli ilipoingia, ukavu ulikuwa umeshuka hadi kwenye panda, na mwembe wa pili umeshaanza.

Kumbe ulikuwa ugonjwa wa ukungu. Kama unaona kitu kama hicho kwako, usiishie kutazama majani. Yatakupa fununu tu: hugeuka kahawia, hujikunja, kisha hubaki yakining'inia mtini kwa majuma bila kudondoka. Kiu hushika mti mzima, haichagui tawi moja na kuliacha la pembeni likiwa kijani.

Jibu liko chini ya gome. Anzia palipokauka, kwangua kidogo kidogo kwa kisu kikali ukishuka kuelekea shinani. Gome lenye afya ukilikwangua utakuta kijani kibichi chenye majimaji. Mimi nilikuta kahawia iliyokoza, halafu ghafla mpaka, kama mstari wa maji kwenye ukuta uliolowana. Kilichonishtua ni kwamba mpaka ule haukuwa pale majani makavu yalipoishia. Ulikuwa umeshuka zaidi, kama urefu wa kiganja, kwenye sehemu ambayo kwa nje ilikuwa nzima kabisa. Nilipolikata tawi kwa msumeno, kahawia ile ilikuwa imeingia kutoka gomeni kuelekea kiini kwa umbo la kabari. Kwa nje kulikuwa na matone ya utomvu yaliyoganda, na kwenye gome lililokufa vipele vyeusi vidogo kama vichwa vya pini. Humo ndimo mbegu za ukungu zinamotengenezwa, na matone ya mvua huzirusha.

Ukikuta matundu na unga wa mbao, huyo ni mdudu anayetoboa. Madoa meusi kwenye majani, maua na matunda, hiyo zaidi ni chule, ugonjwa mwingine wa ukungu. Wale mchwa wangu walifuata mti uliokwisha kufa.

Ukungu wenyewe unaitwa Lasiodiplodia theobromae. Hushambulia pia michungwa na miparachichi, kwa hiyo ndugu zangu wa Ukerewe wenye machungwa, nanyi kagueni. Unaweza kukaa ndani ya mti kimya kimya bila dalili yoyote, hadi ukame au jeraha liudhoofishe mti. Tawi letu la kwanza kukauka ndilo lililobeba waya wa kuanikia nguo. Waya ulikuwa umezama ndani ya gome. Na tangu msimu uliotangulia maembe ya mama yalikuwa yakiozea kwenye kikonyo ndani ya tenga, nasi tukalaumu joto. Ukungu huu huu huozesha embe kuanzia hapo.

Kata sentimita 10 hivi chini ya mpaka, siku kavu, kisha tazama palipokatwa. Ukiona kahawia bado, shuka tena, hata kama roho inakuuma. Futa msumeno kwa spiriti kila unapohama tawi. Paka jeraha dawa ya ukungu yenye shaba, na matawi yachomwe siku hiyo hiyo, yasigeuzwe kuni za kurundikwa chini ya mwembe mwingine.

Ukitaka uhakika wa maabara, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko hapo Misungwi, mkoani Mwanza, kaulize. Peleka kipande chenye ule mpaka, nusu hai nusu kufa, ukikifunga kwa gazeti. Tawi lililokauka kabisa huwa limeshavamiwa na ukungu mwingine, na mfuko wa nailoni huozesha.

Mwembe wa tatu niliuwahi. Nilikata nusu ya kichwa chake mama akiwa amegeukia ukutani. Sasa umechipua majani yale mekundu ya shaba, na waya wa nguo tumeufunga kwenye nguzo mbili.